Usiniache Wizarani

Mtani wangu Selestini,

Shikamoo sikupi. Ulipokuwa waziri uliipata kwa kila mtu, hata kwa wazee waliokuzidi umri, ambao ilikuwa inawatoka tu wakiona gari lenye bendera. Kwangu hukuipata ukiwa hai, na sasa umelala chini ya udongo wa Mgeta ndiyo usahau kabisa. Ukoo wako na ukoo wangu zimetaniana tangu kwa mabibi zetu, na mimi siwezi kuuvunja utani huo eti kwa sababu wewe umeamua kufa.

Nakuandikia nikiwa barazani kwangu hapa Bigwa. Ni mchana, nguo zangu ziko kwenye kamba na mlima umejifunika ukungu kama kawaida yake. Kesho tunapanda Mgeta kuanua matanga yako, na nina hofu. Umeniona wewe mwenyewe nikifanya kazi hii. Nimelala kwenye makaburi ya watu wangapi, nikagoma kutoka mpaka niletewe jogoo? Nimevaa suruali za wazee, nimeigiza walevi, nimeigiza makatekista, waliokuwa wanalia wakaishia kushika mbavu. Ndiyo kazi ya mtani msibani, kumvaa marehemu. Unatembea mwendo wake, unasema maneno yake, unazimwaga kasoro zake mbele za watu ili wacheke, naye aondoke mwepesi. Sheria ni moja tu, mtani halii. Mtani akilia ameharibu msiba.

Wewe hukuchekwa. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sijui kama uliona siku ya mazishi yako ilivyokuwa. Serikali ilikuchukua, Mtani. Walileta mahema na viti vyenye vitambaa, wakatandika mazulia mekundu juu ya matope yetu, yakalowa kabla hata padre hajafika. Mimi na watani wenzangu tulifika mapema. Kwenye kikapu nilikuwa na miwani ya zamani isiyo na vioo, kofia, na fimbo. Kijana mmoja wa suti nyeusi akanizuia, kwa adabu sana, akanipa shikamoo yangu vizuri, akaniambia utaratibu umeshapangwa. Nikamwambia mwanangu, utaratibu ndio mimi. Hakunielewa, si mtu wa huku. Tukapelekwa hema la nyuma, na jeneza lako tukaliona kwa kuchungulia kati ya mabega ya watu.

Kisha bwana mmoja wa wizarani akasimama kusoma wasifu wako. Marehemu alianza kazi kama mwalimu wa shule ya msingi. Marehemu alikuwa mtafiti wa mpunga. Marehemu alikuwa mhadhiri, akawa mkuu wa wilaya, akawa mbunge, akawa naibu waziri, na hatimaye waziri mwenye dhamana ya utafiti. Alisoma vizuri, sauti nzito, kila cheo kikipanda juu ya mwenzake, na watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Hakudanganya hata neno moja. Lakini wewe nilikutafuta humo sikukuona. Wakakushusha, wakakufunika kwa zege siku hiyohiyo, nami sikupata hata nafasi ya kuingiza mguu kaburini.

Nilirudi nyumbani na kofia yangu kikapuni. Na hukukaa hata kidogo kabla ya kuanza vituko vyako.

Kwanza ilikuwa miwani. Unajua mimi miwani yangu siivui mpaka nikilala. Sasa nikiulizwa jambo, mkono unapanda wenyewe, naivua, naipangusa kwa pindo la khanga, polepole, huku aliyeuliza anasubiri. Hivyo ndivyo ulivyokuwa unafanya wewe kwa ncha ya shati. Nikajisemea ni uzee. Halafu kikaja kile kikohozi chako kifupi cha mara mbili. Siku moja kwenye sala ya jumuiya wakaniuliza kama hija ya parokia tuiweke kabla ya masika au baada. Swali la kawaida kabisa. Nikavua miwani, nikapangusa, nikakohoa, na sauti iliyotoka kinywani mwangu ikasema, "Eeh. Tuseme hivi, ndugu zangu." Sauti ya hotuba, Selestini. Sauti yako ya kwenye redio. Pale sebuleni mama mwenye nyumba akafanya ishara ya msalaba. Nililazimika kucheka ili wacheke.

Na mkeo naye umemtesa. Alikuwa sokoni akaniona kwa nyuma, nami bila kujijua nilikuwa natembea mikono mgongoni, kichwa upande mmoja, ule mwendo wako wa kukagua majaruba ya mpunga. Nilisikia kikapu kinaanguka. Kugeuka namwona Mama Imani amesimama, nyanya zinabiringika miguuni pa watu, na macho yake yananitazama mimi lakini hayanioni. Sikumtania. Niliokota nyanya.

Jioni ile alikuja hapa barazani kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Akaniambia anakusikia. Asubuhi akichemsha chai, wewe uko sebuleni unajizoesha hotuba, kama ulivyokuwa ukifanya miaka yote ya uwaziri, unatembea kutoka dirishani mpaka kwenye kabati. Na hotuba yenyewe haisongi mbele. Unasema, "Ndugu zangu, wataalamu wamethibitisha." Kisha kimya. Kisha tena, wataalamu wamethibitisha. Akaniambia, nimeishi na mwanaume yule tangu akiwa mwalimu, amebembeleza wanangu wote kwa sauti ile, kwa nini anayerudi ni waziri peke yake?

Mimi nilijua sentensi ile umeitoa wapi, na yeye alijua kwamba najua.

Ngoja nikukumbushe kwanza ulikuwa nani, maana inaonekana umesahau. Tulipofundisha shule moja kule juu, wewe darasa la sayansi na mimi la kuandika, ulikuwa na neno moja ambalo mwalimu mkuu alilichukia. Mtoto akiuliza kitu usichokijua, ulikuwa unasema, "Sijui. Twende tukaangalie." Na kweli mnakwenda. Siku moja mwalimu mkuu alikuja kukagua akakuta darasa tupu, madaftari wazi, upepo unafunua kurasa. Ninyi wote mlikuwa mtoni mmeinama, kwa sababu mtoto mmoja alitaka kujua kama chura anakohoa. Ulipewa onyo. Nilikutania kwa chura yule mpaka ukahama shule.

Ukahamia utafiti, ukaenda Dakawa, ukavaa gambuti. Mimi nakwambia ukweli, sijawahi kukuona umependeza kama ulivyopendeza ndani ya gambuti zile. Nilikuja kumtembelea mdogo wangu Agnesi, aliyeolewa na kulima kule, nikakukuta katikati ya jaruba, jua kali, unang'ata punje ya mpunga kusikiliza kama imekauka. Wakulima wamekuzunguka wanakuuliza, na wewe unasema lile neno lako la sijui, nao wanafurahi. Mbona walikuamini? Nilijiuliza wakati ule. Walikuamini kwa sababu siku uliyosema unajua, ulikuwa unajua.

Uhadhiri ukaufanya, ukuu wa wilaya ukaufanya ukanenepa, ubunge ukauomba tukakupa. Halafu ukateuliwa wizara ileile iliyokuwa ikikulipa mshahara ukiwa kwenye matope, na Morogoro nzima ikasherehekea. Magazeti yakasema safari hii utafiti umepata mtafiti, si mwanasiasa wa kubahatisha. Nilifurahi mpaka nikakusifia mbele za watu, kosa kubwa kwa mtani.

Kisha ile siku ya kuzindua mbegu mpya Dakawa. Agnesi alikuwepo, amenisimulia mpaka naiona. Wakulima wa upande ule walikuuliza swali moja tu, kwamba mbegu hii ikikutana na baridi ya mwezi wa sita itazaa? Ukavua miwani, ukapangusa. Wote waliokufahamu walisubiri lile neno. Nyuma yako walikuwa wamekaa wakubwa, mbele yako kamera, na wewe ndiye uliyekuwa waziri msomi wa mpunga, mtu ambaye hakuna wa kumsamehe kutojua. Ukavaa miwani ukasema wataalamu wamethibitisha. Wakapanda. Masuke yakatoka marefu, mazuri, yakasimama wima shamba zima. Mpunga uliojaa huinama, Mtani, wewe ndiye uliyetufundisha. Ule haukuinama. Agnesi alivuna mapepe, maganda matupu, na majirani zake vivyo hivyo. Ikasemwa ni hali ya hewa, mambo yakaisha. Kwako hayakuisha.

Nilikuja kukuona ukiwa mgonjwa, umekonda, masikio yamebaki peke yake kichwani. Nikakuuliza unakufa lini maana suruali ya kukuigizia nimeshashona na inaliwa na nondo. Ulicheka mpaka Mama Imani akaja kutazama. Alipotoka ukasema kwa sauti ya chini kwamba pale Dakawa ulijua kuwa hujui. Majaribio ya msimu wa baridi yalikuwa hayajaisha. Ulisema ulipokuwa na gambuti, sijui ilikuwa ndiyo kazi, lakini ulipovaa suti ikawa aibu, na ulikuwa na sekunde chache tu za kuchagua, ukazitumia kupangusa miwani. Halafu ukanishika mkono, kitu ambacho watani hatufanyi, ukasema, "Siku hiyo ukinivaa, usiniache wizarani."

Nikakujibu kwamba nitakuacha chooni. Ulicheka tena. Hatukuonana baada ya hapo.

Sasa habari za huku. Wizara yako imepata waziri mwingine. Ni wakili, alianzia mahakamani, akawa katibu wa chama wilayani, kisha mkuu wa mkoa mahali fulani. Naibu wake alikuwa mtangazaji wa redio. Ungesikia wahadhiri wa mjini wanavyonung'unika. Wanasema wizara ya utafiti inaongozwa na mtu aliyeshika sheria na mtu aliyeshika kipaza sauti, na yule aliyewahi kushika hadubini yuko kaburini. Nami nilikuwa miongoni mwao, nilinung'unika kuliko wote.

Basi akaja Dakawa kwa siku ya wakulima. Nilikwenda na Agnesi kwa nia moja, kumcheka. Akapelekwa shambani na viatu vyake vya kung'aa. Mzee mmoja akamwonyesha majani yenye madoa, akamuuliza ugonjwa huu dawa yake nini. Yule wakili akainama, akatazama, akainuka akasema bila kusita hata kidogo, "Mzee wangu, mimi sijui. Nielezeni ninyi na hawa wataalamu, nami nitauliza mpaka nielewe." Watu wakacheka kidogo. Hakujali. Kwake ni rahisi, hakuna anayetegemea ajue, sheria haina madoa ya majani. Wewe uliyejua karibu kila kitu ndiye uliyefungwa mdomo na kile kidogo kilichobaki.

Na hapo ndipo nilikisikia kikohozi chako. Nyuma yangu, mara mbili, karibu kabisa na bega. Agnesi naye aligeuka. Nyuma yetu kulikuwa na mfereji na maji tu, na jua la saa sita. Agnesi akanishika mkono akaniambia, dada, mtu wako bado hajaondoka. Hakukulaani, Selestini. Yeye ndiye aliyevuna mapepe, na alikuonea huruma.

Siku iliyofuata nikapanda Mgeta kwa mjomba wako, Mzee Lukas, kwa kuwa huku kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake na neno la mwisho liko kwa mjomba. Amekuwa mdogo sana, amebaki macho na ukali. Nikamweleza yote, miwani, sebule, kikohozi. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, akasema, "Mmezika waziri. Mpwa wangu mmemwacha wapi?" Akaagiza kwamba siku ya kuanua matanga hakuna zulia wala suti nyeusi, watani wafanye kazi yao yote, na mimi ndiye nikuvae.

Mama Imani akakubali, kwa sharti. Alinijia akaniomba, si kwa hasira, nimuigize mwalimu na chura wake, nimuigize mkuu wa wilaya na kitambi, lakini ya Dakawa niiache. Watoto watakuwepo, na wajukuu, na wengine watakaotoka Dodoma. Nilimwambia siwezi. Nikiruka ile, ndiyo itakayobaki sebuleni mwako inatembea dirishani mpaka kabatini. Akaniambia, wewe huna mume wa kuaibishwa. Nikamwambia nilikuwa na mtani. Akaondoka bila kuaga, na siku kadhaa tulipita barabara moja kila mtu akitazama mlima.

Leo asubuhi nimemkuta mlangoni na mfuko. Ametoa suti yako nyeusi, ameipiga pasi. Kisha akatoa gambuti. Zilezile, zimepasuka kisigino. Kumbe miaka yote ya uwaziri ulizikalisha nyuma ya mlango wa jikoni na hukuruhusu mtu azitupe. Akaziweka hapa sakafuni, akasema, "Fanya yote, Veronika." Ni mara ya kwanza ameniita jina langu. Tumekunywa chai. Ameniambia asubuhi hii ulisema wataalamu wamethibitisha, naye akakujibu kutoka jikoni, haya baba, tumesikia, pumzika.

Kwa hiyo kazi ni yangu, na hofu yangu ndiyo hii. Nimejizoesha mbele ya kioo. Waziri anakuja bila shida, yule kila mtu anaweza kumuigiza. Mbunge anakuja. Mkuu wa wilaya anakuja na tumbo lake. Nikifika kwako, wewe wa jaruba, wewe wa mtoni na watoto, navua miwani vizuri, napangusa vizuri, nafungua mdomo kusema sijui. Machozi yanakuja, Mtani. Nimejaribu nikiwa nafua, nimejaribu nikiwa napika, inakuwa vilevile. Mimi mwanamke niliyewachekesha wajane mbele ya majeneza, ananishinda mtu mwenye masikio kama yako. Nikilia kesho nimeharibu, na utabaki huku tuhangaike nawe.

Sasa sikiliza nitakavyofanya.

Nitaingia na suti, na gambuti chini yake. Nitawaambia ndugu zangu, wataalamu wamethibitisha, na Agnesi atanimwagia mapepe kichwani, ameyahifadhi kwenye kiroba kwa siku hii, na atacheka kuliko wote kwa sababu ana haki. Nitawaacha wacheke mpaka waishe. Wajukuu zako wakiuliza, bibi yao atawaeleza. Kisha nitaivua suti mbele ya watu, koti, tai, vyote, niiache chini kwenye nyasi, nibaki na gambuti, shati na ile suruali niliyoshona. Hapo Mzee Lukas atauliza lile swali ambalo mjomba huuliza mwisho, kwamba mpwa wangu, unakwenda wapi? Nami nitavua miwani. Nitapangusa kwa ncha ya shati lako. Nitamjibu kwa sauti uliyokuwa nayo kabla ya hotuba, sauti ya mtoni, "Sijui, Mjomba. Acha nikaangalie." Nitalisema, Selestini. Hata koo likipasuka nitalisema bila tone, nakuahidi.

Halafu nitageuka nishuke mteremko kwa mwendo wako, mikono mgongoni, mpaka kwenye ile miti ya mifyulisi ya mpakani mwa shamba ambako kutoka msibani hawanioni. Sheria ya watani inaishia hapo. Nitakaa chini, nizivue gambuti zako moja baada ya nyingine, nizielekeze mlimani, na nitalia nitakavyo. Wewe usinisubiri nimalize. Endelea na safari yako, mimi nitarudi juu pekupeku kama nilivyo.

Mtani wako, ambaye jogoo wake mpaka leo hajamwona,

Veronika